Jogoo wa Daktari wa Macho

Gari langu lina betri mbili, na kwa muda mrefu nilikuwa nawaeleza watu jambo hilo kana kwamba ni mimi niliyelivumbua. Betri kubwa iko chini ya kiti cha nyuma, nayo ndiyo inayosaidiana na injini kulisukuma gari. Betri ndogo imejificha ndani ya buti, pembeni, chini ya kifuniko cha plastiki. Kazi yake ni kuziamsha kompyuta za gari unapotaka kuondoka. Hiyo ndogo ikifa, kubwa haina msaada wowote. Unabonyeza kitufe, gari linakutazama. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari hapa Musoma, na mada ya umeme naifundisha kila mwaka, kwa hiyo yote haya nilikuwa nayajua. Nayasema mapema ili msomaji ajue anamcheka nani.

Gari lenyewe tulilinunua kwa sababu ya macho ya mama. Mama anaishi Butiama, mimi na mume wangu tunaishi Kitaji, hapahapa Musoma. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika jicho la kushoto hata likabaki kutofautisha mchana na usiku tu, na la kulia lilikuwa linafuata njia hiyohiyo. Kuna hospitali Bunda ambayo madaktari wa macho huifikia Jumatano moja kila mwezi, na ikifika saa mbili asubuhi orodha ya wagonjwa imefungwa. Daktari aliyempima alituambia tusikawize, maana mtoto wa jicho akikomaa sana kumtoa kunakuwa kazi. Mama ana nyonga mbovu, mabasi hayawezi. Mpango ukawa mwepesi: Jumanne jioni nakwenda kulala kwake, Jumatano alfajiri tunaondoka.

Jumatano ya kwanza tulivaa, tukaomba, tukaingia garini, nikabonyeza kitufe. Kimya. Katika siku za kawaida huwa kuna sauti ya mwanamke inayosema maneno mengi ya Kijapani kwa adabu, kwa kuwa gari lilitoka huko na hakuna aliyeweza kulibadilisha lugha. Alfajiri ile hata huyo mwanamke hakusema kitu. Buti nalo hufunguliwa kwa umeme, kwa hiyo likagoma. Ikanibidi nipande juu ya kiti cha nyuma na gauni langu la kwenda hospitali, nitambae kuifuata betri gizani, na huko nikakutana uso kwa uso na jogoo.

"Usimkanyage," mama alisema kutoka kiti cha mbele. "Ni wa daktari."

Nilimuuliza daktari gani anapokea kuku. Akaniambia mtu anakwenda kukushika jicho lako, na wewe unamwendea mikono mitupu, wewe ulilelewa wapi? Tulipata gari la kutuazima umeme saa tatu, tukafika Bunda saa nne, muuguzi akatuandikia mwezi ujao. Jogoo alirudi nyumbani akiwa na furaha zake.

Fundi wangu wa Musoma ana kompyuta ya mapajani, na anapoifungua watu hunyamaza. Alichomeka waya chini ya usukani, akasoma, akakunja uso, akaniambia tatizo la haibridi, haya magari ya betri mbili, ni kwamba zina kumbukumbu. Nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Akataja inveta, akataja sensa, akataja voltiji kwa namna ambayo mwanafunzi wangu wa kidato cha pili angepata sifuri, nami nikaendelea kutikisa kichwa. Nilikuwa naona haya kumuuliza, kwa sababu alikuwa ananiita mwalimu. Mwishowe akaweka betri mpya, na mimi nikarudi kazini nikawaeleza walimu wenzangu habari za inveta.

Kwa majuma manne gari liliwaka kila siku. Lililala Kitaji uani kwetu, likaamka, mwanamke wa Kijapani akatusalimia, tukaenda shule. Jumanne nikaenda Butiama. Jumatano alfajiri, kimya.

Siku hiyo nilimwambia mama nitamtafutia gari la kukodi. Akakataa. Alisema hawezi kwenda kukatwa jicho ndani ya gari la mtu asiyemjua. Kusema kweli mama alikuwa anaogopa, na gari lilikuwa limempa sababu. Alikuwa ananiuliza kama jicho linatolewa nje kwanza au linakatwa likiwa mlemle, nami nilikuwa namjibu vibaya kwa hasira za gari. Hilo linaniuma hadi leo.

Nikarudi kwa fundi. Safari hii alisema kuna kitu kinanyonya umeme, na hapo alikuwa amesema kweli, ila akaenda kukitafuta mahali pa gharama. Aling'oa redio. Aling'oa kamera ya nyuma. Aling'oa kengele ya wezi, ambayo hata sikujua ninayo. Nilipomwambia mbona gari linafia Butiama tu na halijawahi kufia Musoma, alifikiri kidogo akasema, "Kule kuna baridi, mwalimu." Butiama ni juu kidogo, kweli, ukilala unajifunika shuka. Lakini gari hilo lilitoka katika nchi ya theluji. Mimi, mwenye shahada, nilikwenda nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba ni baridi.

"Gari linajua linakwenda ukweni," mume wangu alisema. "Hata mimi huwaga naishiwa nguvu nikifika pale." Katika chumba cha walimu kulikuwa na maelezo mengine. Mwenzangu mmoja, mtu wa kusali sana, alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole ni nani kule kijijini asiyependa mama aone.

Jumanne ya tatu nilibeba blanketi. Ndiyo, blanketi. Nililitandika juu ya boneti, nikalichomeka pembeni vizuri, ilhali betri yenyewe iko nyuma kwenye buti, na nilikuwa najua iko nyuma kwenye buti. Mama alinisikia nikihangaika akauliza nafanya nini. Nikamwambia nalifunika gari. Alicheka hadi akakaa chini. Kisha nikaingia ndani kusahihisha madaftari, nikalala.

Alfajiri, kimya.

Mama hakusubiri nishuke. Alifungua mlango wake mwenyewe, akapapasa ardhi kwa mguu, akasimama. "Mwanangu, mara tatu zinatosha," alisema. "Hili gari lina akili kuliko wewe. Halitaki niende. Mwezi ujao ndiyo mara ya mwisho. Likikataa tena, usije ukanisumbuaga na habari za macho. Nitakaa na hili lililobaki mpaka liishe." Akaingia ndani akipapasa ukuta. Hakuwa anatania, na mimi namjua mama yangu. Nilibaki na jaribio moja, na sikuwa na fununu yoyote ya tatizo.

Jirani alipokuja kuniazima umeme, niliondoka kwa hasira moja kwa moja hadi Bunda, bila hata kuaga. Nilikuwa nimesikia habari za fundi umeme mmoja wa Manyamanyama, hukohuko Bunda, mzee wa Kiislamu mwenye kibanda cha mabati na kipimo cha zamani kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Hakuwa na kompyuta. Nilipoona kile kipimo nikataka kugeuza, kwa kuwa mtu aliyekwisha kudanganywa na mashine kubwa hudharau ndogo. Lakini alikwisha kulizunguka gari.

"Fungua buti, mwalimu."

Nikabonyeza, buti likafunguka, na jogoo akasimama. Nilikuwa nimemsahau. Mzee alirudi nyuma hatua moja, akamtazama jogoo, akanitazama mimi.

"Huyu abiria alipanda saa ngapi?"

"Asubuhi," nikasema. "Mama humweka asubuhi tukitaka kuondoka."

Mzee akainama ndani ya buti. Hakugusa betri. Alitazama gunia alilolalia jogoo kwa muda mrefu, kama daktari anayesoma majibu ya maabara, kisha akaanza kuonyesha kwa bisibisi. "Hiki kibichi. Hiki kimekauka juu. Hiki kimekauka mpaka chini. Hiki nacho. Mwalimu, kuku aliyepanda asubuhi hawezagi kunya hivi. Huyu amelala humu."

Nikasema haiwezekani, angekufa kwa kukosa hewa. Mzee akachomoa gunzi la hindi kutoka pembeni mwa gunia, akalishika mbele ya macho yangu. Nilikuwa nimekwisha kutupa magunzi mawili ya namna hiyo, kila mwezi moja, nikilaumu uchafu.

"Basi kuna mtu anamwachia nafasi ya kupumua," alisema. Akaliegesha buti juu ya gunzi. Ndani, juu ya kichwa cha jogoo, kijitaa kikaendelea kuwaka. "Buti likiwa wazi hii taa haizimi. Na hizi kompyuta zake zinadhani mwenye gari bado yupo, nazo hazilali. Usiku kucha zinakusubiri wewe. Betri yenyewe ni ndogo hivi. Asubuhi itakuwa na nini?"

Alinichajia betri, hakuniuzia kitu. Nilimwuliza nifanye nini, akasema nikamwangalie mwenye gunzi.

Mwezi ulipopita, Jumanne jioni, niliegesha gari pale ninapoliegesha siku zote, pua ikitazama nyumba na nyuma ikitazama banda la kuku. Sikulifunga, kwa sababu pale kwa mama kufunga gari ni kuwaambia majirani kwamba umewashuku. Sikusema kitu. Nilikaa jikoni kwenye kigoda, mahali ambapo dirisha linatazama bandani.

Jua lilipokuwa linazama, mama akatoka. Kumkamata jogoo asubuhi ni kukimbizana, kila mtu kwetu anajua. Anakamatwa jioni akiwa ameshapanda kulala. Mama aliingiza mkono bandani, akapapasa migongo ya kuku mmoja mmoja, akamtoa anayemtaka bila hata kelele. Akafika kwenye gari, akatafuta kitufe cha buti kwa vidole, akafungua. Taa ikawaka ikammulika uso mzima. Akamlaza jogoo, akatoa gunzi kwenye fundo la khanga, akashusha buti juu yake taratibu. Mwanga ukabaki kwenye ule mwanya, umemwangukia mikononi. Alfajiri angeamka kabla yangu, achomoe gunzi, aliangushe humohumo na kulisukuma buti lifunge, ili nikute mambo yako sawa.

Nilitoka. "Mama, taa inawaka."

"Taa ipi?"

"Hiyo hapo. Mbele yako."

Aliinama. Akageuza kichwa ili jicho la kulia limsaidie, akasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa bati. "Naonaga kama kuna weupe," alisema. "Nilijua ni jua."

Nililia, na sioni sababu ya kuficha. Miezi mitatu nimebeba betri, nimebeba blanketi, nimemsikiliza mtu akinieleza kumbukumbu za magari, na taa yenyewe ilikuwa inawaka usoni kwa mama yangu na yeye anadhani ni machweo. Nililifunga buti. Jogoo alilala jikoni ndani ya tenga.

Asubuhi nilibonyeza kitufe na mwanamke wa Kijapani akaanza maneno yake. Mama akamwitikia, "Marahaba." Saa moja kasoro tulikuwa Bunda, wa pili kwenye orodha. Jicho halikutolewa nje. Daktari, kijana mpole, alimkataa jogoo kwa heshima, akasema kazi yao hairuhusu. Mama hakufurahi. Siku ya pili alipofunguliwa bandeji alimtazama daktari kwa muda, akasema kumbe ni mtoto mdogo hivi, kisha akaniamuru jogoo apelekwe kwa aliyemgundua. Tukapita Manyamanyama. Mzee alimpokea jogoo kwa mikono miwili, akamchunguza, akasema amenenepa.

Majuma mawili baadaye nilikwenda Butiama kumpelekea mama sato na dagaa. Nilikuwa nashusha mizigo, buti likiwa wazi, jioni, naye akaja kunisaidia akitembea bila kugusa ukuta. Akasimama nyuma ya gari. Akatazama juu ndani ya buti, akanyoosha kidole.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Ilikuwaga inawaka hivi siku zote? Hata nilipokuwa namweka jogoo?"

"Siku zote."

"Na wewe ulikuwa hapa."

"Nilikuwa ndani, nasahihisha madaftari."

Alinitazama usoni, akanikagua kama ambavyo hakuwa amenikagua kwa miaka. Kisha akachukua mfuko wa dagaa.

"Mwezi ujao tukienda kutengeneza hili jicho lingine," alisema, "na wewe jiandikishe."