Sinia la Kunde kwenye Gereji ya Nfali

Zan Coulibaly alipostaafu kazi ya kupima pamba, alijinunulia pikapu. Tuseme ukweli, alinunua kutu yenye jina la Pijo, iliyokaa miaka kumi na mmoja nyuma ya ghala la watu huku kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Mji mzima wa Ségou ulimcheka. Zan hakujali. Alitaka siku moja aende shambani kwake na mkewe pembeni, kiwiko nje ya dirisha, kama watu wengine.

Wa kulifufua gari lile alikuwa mmoja tu, Nfali Keita, fundi na rafiki yake tangu walipotiwa jandoni siku moja. Na ukoo wa Keita na ukoo wa Coulibaly ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo kazi yote ya miezi mitano ilikwenda kwa matusi. Nfali aliishusha injini akitukana, akanyoosha bodi akitukana, na Zan akamshikia spana akijibu.

"Kaza hapo, mla kunde," Nfali angesema.

"Mla kunde wewe. Sisi hata hatujui zinamea vipi."

"Msijue? Babu zako walizila mpaka na magugu. Ndiyo maana babu zangu waliowafuga walifilisika."

Kila Coulibaly wa mji ule huzikana kunde hadharani, kisha hufunga geti na kuzila kwa raha zake. Zan hakuwa tofauti. Mkewe, Worokia, alizipika kila wiki na siri hiyo alikuwa nayo yeye na sufuria.

Balaa lilianzia kwenye kabureta. Nfali alikwenda msibani siku nne, akaacha neno moja: "Kabureta usiiguse. Nitaisafisha mwenyewe." Lakini mawingu yalishaanza kukusanyika, na Worokia alikuwa ameapa kwamba mvua ya kwanza ikidondoka kabla gari halijawaka, atamwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Zan akaingiwa na kiherehere. Akaifungua kabureta, akaipeleka kwa fundi mwingine upande wa mtoni, akaifunga tena kabla mwenzake hajarudi. Alijiona mjanja kweli.

Nfali aliporudi aliinua boneti na kutazama kidogo tu. Vichwa vya skrubu vilikuwa vimechubuliwa na bisibisi isiyo yake. Akaishusha boneti taratibu, akafuta mikono, akamsogezea Zan kiti.

"Karibu, Mzee Coulibaly. Habari za nyumbani? Watoto hawajambo?"

Zan alingoja tusi, halikuja. "Hawajambo."

"Tunamshukuru Mungu. Gari lako tutalishughulikia, usiwe na wasiwasi."

Chai ilipoiva, Nfali akampa yeye glasi ya kwanza, tena kwa mikono miwili, kama mgeni. Zan aliinywa akaiona chungu.

Nyumbani Worokia alimtazama akakaa chini kabla ya kuuliza. "Kuna nini?"

"Nfali ameniuliza habari za watoto."

Worokia aliweka mwiko chini. "We mwanaume, umemfanya nini mtu wa watu?"

Zan akaeleza. Mkewe hakumsaidia hata kidogo. "Ungemwibia ingekuwa nafuu," alisema.

Siku tisa Nfali aliendelea na adabu zake. Zan alijaribu kumchokoza kwa kila tusi alilolijua, pamoja na mengine aliyoyabuni usiku kucha. Aliambiwa tu, "Ahsante, mzee wangu, Mungu akuzidishie afya." Wateja wa gereji walianza kumwangalia Zan kwa huruma, na huruma ile ilimkera kuliko kicheko.

Kilichomuuma hasa kilikuwa kingine. Mama yake alipofariki, Nfali ndiye aliyejilaza njiani mbele ya jeneza, akasema mwanamke huyu hazikwi mpaka ukoo wa Coulibaly ulete gunia la kunde. Watu waliokuwa wakilia walicheka, na Zan, aliyekuwa hajala siku mbili, alicheka nao akapata nguvu ya kusimama. Sasa akawaza: nikifa kesho, Nfali atakuja kimya, atatoa pole kama mpita njia, ataondoka. Zan aliogopa. Gari likauzwe vyuma, lakini hilo hapana.

"Pika kunde," alimwambia mkewe. "Sinia kubwa. Na usilifunike."

Saa sita mchana, barabara ikiwa imejaa, Zan alijitwika sinia kichwani akatoka. Watu wa koo nyingine, kina Traoré, kina Diarra, kina Koné, wote waliacha shughuli zao.

"Jamani, amekiri!"

"Mzee, leo umeshindwa kungoja giza?"

Zan alipita katikati yao. Aliingia gereji, akaketi juu ya tairi karibu na Pijo lake, mahali ambapo miguu ya Nfali ilionekana ikitokeza chini ya gari. Akaanza kula kwa mkono.

"Mimi ni Coulibaly," alisema kwa sauti, mdomo umejaa. "Nakula kunde. Baba yangu alikula kunde. Na kabureta ile niliambiwa nisiiguse, nikaigusa. Nimekosa."

Miguu haikusogea. Zan alikula tonge jingine, na jingine. Alikwisha kukata tamaa sauti ilipotoka chini ya gari.

"Zimetiwa chumvi?"

"Zimetiwa."

"Nani kakuruhusu kula peke yako, mlafi mkubwa we? Ukoo wenu ukiachiwa sinia unakula na sinia lenyewe."

Nfali alijiburuta akatoka, akanawa, akaketi upande wa pili. Walikula bila kutazamana. Walipomaliza aliiteremsha kabureta, akaisafisha upya huku akiitukana mikono ya yule fundi wa mtoni, mikono ya Zan, na ya babu yake Zan. Zan alishika taa hata pale ambapo hapakuhitaji taa.

Alasiri ile Zan alipiga stata. Pijo likakohoa, likatikisika, likaachia mshindo nyuma uliorusha kuku wa jirani juu ya ukuta, kisha likanguruma.

Nfali aliruka juu ya bodi, akapaza sauti barabara nzima isikie. "Mmesikia wenyewe! Hata gari la Coulibaly limekula kunde!"

Zan aliuegemea usukani akicheka mpaka machozi yakamtiririka, na hakuyafuta.