Kilio Hakiazimwi

Hibo hakuwa mtu wa kupendeka, na mimi sitampaka poda hapa. Tulipakana ukuta kule Aston, Birmingham. Kila asubuhi alikuwa akipiga mayowe jikoni peke yake, mgeni angedhani anachinjwa. Kumbe anafanya mazoezi ya kazi.

Kazi yenyewe aliipatia Paris. Msomali wa kulelewa Mombasa, alifika huko bado msichana, wakamtia kazi ya kutia sauti filamu za kigeni zinazogeuzwa Kifaransa. Mwanzo alikuwa sauti ya kelele za sokoni, na ya mwanamke anayeanguka ngazini. Baadaye wakampa maneno. Mwisho akawa anayaandika mwenyewe: anamtazama mtu kwenye TV, mdomo ukifumba, naye anasaka neno la kufumba nalo. Huko alijifunza kwamba ukishakuwa sauti ya mwigizaji fulani, huyo ni wako mpaka mmoja wenu afe.

Mwaka 2003 akaja na sheria hiyo Birmingham, utadhani imegongwa muhuri kwenye pasipoti.

Huku alimkuta Muzamil, mfanyabiashara wa Kizanzibari, ana chumba mtaa wa Hockley juu ya karakana ya vito. Katundika mablanketi ukutani, anaita studio. Alikuwa akitia Kiswahili tamthilia ya Kihindi ya mjane mmoja, DVD zake akituuzia sisi akina mama. Hibo akaandika maneno yote, akawa pia sauti ya mjane. Mjane tukampenda. Hibo hapana, ukimwalika arusini atakwambia unatafuna kwa kelele.

Vilio alivirekodi vyote siku moja, ndivyo alivyofundishwa, ili koo liumie mara moja tu. Basi akalia vilio vyote vya mjane vilivyobaki, akarudi nyumbani kupumzisha koo. Alipokwenda tena studio alimkuta Mize, mchumba wa Muzamil, kasimama kwenye maikrofoni na karatasi za Hibo mkononi.

"Ah, Bi Hibo! Koo limepona?" Muzamil akasema, macho chini.

"Huyu anamfanya nini mjane wangu?"

"Wateja wanataka Kiswahili laini, bibi. Chako kina mchanga."

"Miaka mitatu mmekila na mchanga wake, hamkutema."

Mize akacheka. "Dada, si TV tu?"

"Udada wetu umeanza lini?"

Akatoka. Tukadhani yamekwisha.

DVD mpya ilipotoka tukakusanyika kwangu kuitazama. Hibo naye akaja, hakuitwa. Mize akasema maneno ya mjane, sauti shira tupu. Kisha mjane akaletewa maiti ya mwanawe, akalia. Kikao kizima tukamgeukia Hibo. Kilio kile tulikijua.

"Yarabi!" mmoja akaangua kicheko. "Anasema Mize, analia Hibo!"

Hibo akavaa viatu. Nami nikamfuata mpaka Hockley. Sikwenda kwa wema, nilitaka kuona.

"Nirudishie kilio changu," akamwambia Muzamil, mlangoni.

"Kwani kilio kina mwenyewe?"

"Si alie huyo mchumba wako?"

"Tumejaribu. Kila akianza kulia, anacheka."

Mize akakunja mikono. "Mpe anachotaka aende zake, Muzamil. Anachosha."

"Nichukue mzima au nifute mzima," Hibo akasema. "Nusu yangu hupati."

Muzamil akamtazama Mize, akamtazama Hibo, akaikalia kompyuta. Akaanza kuvifuta vilio, hata vya sehemu ambazo hazijauzwa. Hibo akamsimamia begani. Kila kilio kilianza kidogo, kikakatwa.

Sehemu za mwisho zikatoka mjane akiachama juu ya jeneza, kimya, filimbi ikipigwa nyuma. Akina mama wakaja juu, DVD zikarudishwa kwa Muzamil. Wiki haijaisha Muzamil akaja Aston na sahani ya halua, akagonga kwa Hibo. Dirisha la juu likafunguka.

"Bi Hibo, mjane anakuhitaji. Rudi, Mize nimemtoa."

"Mwambie mjane kafiwa tena. Safari hii na mimi."

"Bibi, chukua japo halua!"

"Mpe Mize. Labda itamliza."

Dirisha likafungwa. Hibo hakutia sauti filamu tena, si Birmingham wala kwingine. Lakini asubuhi iliyofuata nikasikia mayowe jikoni kwake, yaleyale. Nikagonga ukuta.

Akazidisha.