Neno Jema la Mwanabaraka

Mkono ukiona, mdomo usijue. Kanuni hiyo Mwanabaraka alipewa na mama yake huko Mohoro kabla hajafundishwa hata namna ya kupasha mafuta. Mama alikuwa mkandaji. Alimwambia binti yake kwamba mtu anayevua nguo mbele yako ili umkande amekuazima mwili wake kwa muda mfupi. Akishavaa ameondoka nao, na wewe huna cha kusimulia.

Kwa miaka ishirini na sita Mwanabaraka aliishika. Hapa Kibiti alikuwa na chumba kimoja nyuma ya nyumba yake, na ndani yake mkeka, mto mgumu, chupa za mafuta ya nazi na ya ufuta. Walikuja wanawake waliochoka viuno kwa kupanda mpunga bondeni, na waliojifungua juzi, na wazee waliokufa ganzi miguu. Alipogusa uvimbe kwenye titi la mtu, alimwambia mwenyewe mlango ukiwa umefungwa, akamhimiza aende hospitali. Hata dada wa mtu huyo aliyekuwa akisubiri uani hakupata kujua. Aliyemuuliza habari za mteja alipata jibu moja: "Mwili wa mtu si habari yangu." Aliwajibu hivyo wote, aulizwe juu ya mzima au mgonjwa, na kwa kuwa lilikuwa jibu la wote halikumuumiza yeyote.

Kazi iliyompa jina ilikuwa ya wanawali. Bibi arusi hufungiwa ndani siku saba, akandwe asubuhi na jioni na kusuguliwa singo, ule unga wa manukato, mpaka ngozi ing'ae. Siku hizo mwili wake hauonwi na mtu ila mkandaji. Watu wa upande wa mume wanalijua hilo vizuri.

Mwaka juzi alikuwa akimkanda Hajira, mjukuu wa jirani yake. Siku ya sita yakaja maneno kwamba Hajira alikaa mwaka mzima kwa shangazi yake Utete na kuzaa huko. Wazee wa bwana arusi wakafika barazani kuuliza, na ilikuwa wazi kwamba wamekuja kuvunja. Bibi yake Hajira alikaa chini akilia, kanga mdomoni. Mwanabaraka akatoka chumbani na mikono yake ya mafuta, akasema mbele ya wanaume na wanawake, "Nimemkanda siku sita. Tumbo lile halijabeba mtu. Nendeni mkatandike majamvi."

Vigelegele vikapigwa. Arusi ikafanyika. Alichosema kilikuwa kweli, na kilimwokoa msichana aliyesingiziwa, kwa hiyo hakuna aliyeona kwamba kuna kitu kimevunjika. Yeye mwenyewe hakuona. Alisifiwa misikitini na visimani, na sifa zikamkolea. Tangu hapo mama za wavulana wakaanza kuja kukandwa bila kuwa na maumivu yoyote. Wengine walikuwa na migongo mizima kuliko wake. Walilala mkekani, wakazungusha maneno, wakaulizia binti wa fulani. Alijua wamefuata nini. Alipaswa kuwafungia mlango, na hakuwafungia.

Miezi minane baadaye aliitwa kumkanda Johari, msichana wa Mohoro aliyefungiwa kwa mama yake mdogo hapa mjini, akisubiri kuolewa na Saidy, fundi wa pikipiki. Siku ya kwanza alipomfungua kanga aliona kovu chini ya kitovu, refu kama kidole, mfano wa la mama aliyezalishwa kwa kisu. Johari akalifunika kwa kiganja. Akaeleza kwamba alipokuwa na miaka kumi na sita alitolewa uvimbe hospitali.

"Bibi, hili nitamwambia Saidy mwenyewe," alisema. "Nataka alisikie kwangu."

"Mwambie utakapotaka. Mimi sikuona kitu."

Siku ya nne akaja Mashavu, mama yake Saidy, akilalamikia mabega. Akalala kifudifudi, akaacha mafuta yaingie, akazungumza juu ya mchele na wapishi. Kisha akauliza mwali wao yukoje.

"Mwili wa mtu si habari yangu, Bi Mashavu."

"Mbona wa Hajira ulikuwa habari yako?"

Mikono ya Mwanabaraka ikasimama mgongoni mwake. Angeweza kusema kwamba Johari hajazaa, lakini Mashavu angeuliza kama ana alama, na neno moja lingevuta jingine mpaka kovu litoke nje. Akanyamaza.

"Nakuuliza kama mama. Ana kitu au hana?"

"Muulize mwenyewe."

"Basi nimeshajibiwa," Mashavu akasema. Akainuka, akajifunga kanga juu ya mafuta, akaondoka bila kufutwa.

Kabla ya adhuhuri sauti yake ilikuwa imeingia kwenye kundi la arusi, na kila mwanamke Kibiti mwenye simu akaisikia. Alisema kwa upole kabisa. Alisema Bi Mwanabaraka kwa Hajira alifungua mdomo, kwa huyu ameufumba, na mwenye akili ajaze mwenyewe. Wakajaza. Jioni Johari alikuwa amezaa mtoto mmoja; kesho yake walikuwa pacha, na mmoja alitupwa mtoni.

Siku ya tano posa ikavunjwa. Saidy hakuja kuuliza. Alituma ujumbe wa maneno matatu: "Mama amekataa. Nisamehe."

Mwanabaraka akaenda kwa Johari kumwomba ruhusa ya kusema. Johari bado alikuwa ndani, singo imemkaukia mikononi. "Sema," alimjibu. "Imebaki siri gani?"

Akaenda kwa Mashavu, akawakuta wanawake sita barazani wakichambua mchele ambao sasa haukuwa wa arusi. Akaeleza habari ya uvimbe na kisu cha daktari. Wakamsikiliza mpaka mwisho. Kisha Mashavu akasema, "Juzi ulikuwa bubu. Leo nani kakukanda ulimi?"

Wakacheka mpaka ungo ukamwagika. Mmoja akataka karatasi za hospitali. Karatasi hazikuwapo, zilikwenda na mafuriko yaliyoingia Mohoro na kuzoa nyumba ya baba yake Johari hadi mlango.

Akaenda kwa Hajira, akitumaini kwamba huko angalau angepata shukrani, au mtu wa kumtetea. Hajira alikuwa akifua. Hakumkaribisha ndani.

"Mume wangu tukigombana hunikumbusha kwamba nilikaguliwa," alisema. "Wazee wake wote wanajua tumbo langu likoje. Hukuniuliza, bibi. Ulitoka tu ukasema."

Mwanabaraka akashika njia ya kurudi kwake. Siri ya mwili haigawanyiki, ifunike aibu tu huku sifa zikiachwa huru. Mkandaji anayetoa ushahidi mzuri kwa mmoja ameshatoa ushahidi mbaya kwa yule atakayemnyamazia. Mama yake alimwambia hivyo kwa maneno machache zaidi, na alikuwa na miaka ishirini na sita ya kuyaelewa.

Johari aliolewa Mkongo mwaka uliofuata, mke wa tatu wa mwanamume anayemzidi baba yake umri. Hakufungiwa siku saba wala hakusuguliwa singo, kwa sababu mama yake aliapa hakuna mkandaji atakayemgusa tena. Mwanabaraka bado ana mkeka na chupa zake, lakini tangu posa ya Johari ivunjwe hajaja mwanamke hata mmoja kulala mkekani pake.