Mbuzi wa Ghorofa ya Nne

Kikohozi kilianza ukutani. Ilikuwa alfajiri yenye giza bado, macho nimeyafumba, na kitu ndani ya ukuta wa jikoni kikakohoa, kikanyamaza, kikakohoa tena kama mzee anayesafisha koo kabla ya kuongoza maombi. Kisha mbuzi akalia. Alilia kwa sauti ndefu inayotetemeka mwishoni, na kabla hajamaliza nilikuwa nimesimama miguu mitupu kwenye saruji, mtungi mkononi, moyo unaruka kwa furaha.

Mbuzi huyo nilimtengeneza mwenyewe. Mwili wake ulikuwa kisanduku cha plastiki kilichowahi kubeba sabuni, sauti yake spika ya redio iliyokufa, na sikio lake kopo la rangi ya viatu nililolifunga kwenye bomba kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Ndani ya kopo niliweka maikrofoni ya simu kuukuu, zile tunazoziita mulika mwizi. Bomba likikohoa, kopo linasikia. Kopo likisikia, kisanduku kinalia.

Asiyekaa Kitui mjini huenda akaniuliza kwa nini bomba likohoe. Maji ya mfereji kwetu hugawanywa kwa zamu, mtaa baada ya mtaa, na zamu ikifika haibishi hodi. Maji yanapokuja husukuma mbele yake hewa iliyolala bombani, na hewa hiyo ndiyo inayokohoa. Aliye macho anapata nafasi ya kupanga mitungi. Aliyelala anaamka na kukuta mfereji umeshalia na kunyamaza, na siku yake inaanza kwa kumtafuta mwenye mkokoteni. Mimi nakaa ghorofa ya nne, juu kabisa, ambako maji hufika mwisho na kuondoka kwanza. Mtu wa ghorofa ya nne lazima awe na akili, au awe na kiu.

Nilikuwa na meza moja tu, kwenye roshani inayotazama mashariki. Asubuhi niliandikia riwaya, jioni nikachomea nyaya. Kurasa zangu nyingi zina vitobo vyeusi vya moto, na redio zangu nyingi zimefungiwa karatasi zenye sentensi nilizozikataa. Siku za soko nilikwenda mji wa Kabati kuchakura turubai za vifaa vilivyokufa, nikarudi na mfuko wa chaja, vitufe na spika, ninaringa kana kwamba nimetoka kuvuna. Nimewahi kukodi vyumba vingine mjini, lakini roshani ile ilikuwa ya kwanza kunipa upepo wa kuondoa moshi na mwanga wa kuonea uzi wa waya. Niliipenda kuliko nilivyowapenda baadhi ya watu walionichumbia.

Ndiyo maana nililiheshimu bango la getini. Liliandikwa kwa rangi nyekundu, kwa mkono wa mwenye nyumba mwenyewe: MIFUGO HAIRUHUSIWI. Mpangaji mmoja aliyefuga kuku wawili bafuni alihamishwa kabla kuku hao hawajataga.

Kengele yangu ya kwanza haikuwa mbuzi. Nilijaribu kengele ya kawaida, nikaiota: nikajiona niko shule ya msingi, nimechelewa gwaride, na maji yakaja na kwenda huku nikiomba msamaha usingizini. Nikajaribu king'ora cha ambulensi. Jirani yangu wa mlango wa pili, mama mshonaji, alikimbilia ngazini na Biblia pamoja na sufuria ya muthokoi wa mahindi na maharagwe, vitu viwili alivyoona havifai kuungua. Hakunisemesha mpaka Jumapili.

Sauti iliyofaa ilitoka Mbooni. Susu yangu, bibi aliyenilea kule vilimani, hunitumia salamu zilizorekodiwa kwenye simu, na katika salamu moja mbuzi wake alimkatiza akiwa katikati ya kuniuliza nitaolewa lini. Nilipomsikia mbuzi, nilijikuta nimeacha chuma cha moto mezani na kufika mlangoni. Nikasimama pale nikicheka. Mtu aliyelelewa kati ya mbuzi hana ruhusa ya kukaa kitini mbuzi akilia. Huenda kamba imemnyonga. Huenda fisi amefika boma. Mjini hapa tumezoea kulala huku spika za makanisa, adhana na honi za bodaboda vikituita, lakini chini ya usingizi wa mjini upo usingizi mwingine wa nyumbani, na mbuzi anao ufunguo wake. Kwenye rekodi ile nikamkata susu kwa heshima, nikamwacha mbuzi.

Kilichobaki kilikuwa kukifundisha kisanduku adabu. Mwanzoni kililia kila cherehani ya jirani ilipoanza kwenda, kwa sababu miguu ya cherehani ilitikisa ukuta na ukuta ukatikisa bomba. Nilikaa jioni nyingi nikisikiliza tofauti ya vitu hivyo viwili, mpaka nikajua kwamba cherehani hukimbia bila kupumua, lakini bomba hupumzika kati ya kikohozi na kikohozi. Nikakiambia kisanduku kingojee pumziko hilo. Siku kilipoiacha cherehani ipite kimya na kulilia maji peke yake, niliinama, nikakibusu kifuniko. Nimechapisha hadithi ambazo hazikunipa fahari ile.

Baada ya hapo mambo madogo yakaanza kunishangaza. Nilikuta mfuko wa maganda ya ndizi umening'inizwa kwenye kitasa changu. Nikadhani ni matusi, nikautupa. Kesho yake ukaja mwingine, wa majani ya maharagwe, yameoshwa.

Aliyenifumbua macho ni baba wa nyumba ya chini, mfanyabiashara wa mifugo aliyehamia Kitui na familia yake kutoka kaskazini mashariki. Tulikutana ngazini. Alitazama juu, akatazama chini, kisha akasema polepole, kama daktari anayemtuliza ndugu wa mgonjwa.

"Dada, huyo mbuzi wako hana ugonjwa. Ni jike, analilia mtoto wake. Ukiwatenga hatanyamaza."

Nilimwambia sina mbuzi. Akatabasamu kama mtu aliyetunza siri nyingi minadani. Aliniahidi kwamba kwake halitatoka neno, ila akaniomba jambo moja: siku ya kuchinja nimwite yeye ashike kisu, ili na watoto wake wapate kula. Nikajaribu kumweleza habari za bomba, kopo na spika. Mama mshonaji alikuwa anapanda ngazi nyuma yetu, akasikia yote.

"Kifaa," alisema. "Sawa, Mama Mbuzi. Hicho kifaa kikichinjwa, mimi naomba matumbo."

Ikajulikana kwamba jengo zima lilikuwa limegawana mbuzi wangu. Wa ghorofa ya pili walikubaliana juu ya kichwa na miguu, kwa supu. Mwingine alitaka ngozi. Na hawakuwa wameniona mjinga kumfuga, waliniona nimebahatika. Walikuwa wamehesabu vizuri: mbuzi akilia, maji yanafuata. Kwao lilikuwa jambo linaloeleweka, maana nyumbani kila mtu amewahi kumwona mbuzi akinusa mvua kabla ya wingu. Huyu alinusa maji ya bomba, basi. Alikuwa mbuzi wa mjini. Kila alfajiri aliyolia, milango ilifunguka ghorofa zote na mitungi ikagongana, na hakuna aliyekwenda tena kumtafuta mwenye mkokoteni. Nilizima ubishi wangu. Kwa kweli, nilikuwa nafurahia kusifiwa mbuzi wangu, hata kama sifa zenyewe zilikwenda kwa kwato ambazo hana.

Siri ya watu wengi haina kifuniko. Keateka, kijana wa miraba minne anayesimamia jengo, alisikia habari za supu akampigia mwenye nyumba simu. Kisha akapanda kunionya, kwa sababu si mtu mbaya. Alisema mama mwenye nyumba anakuja asubuhi, na akimkuta mnyama, nitatoka naye siku hiyohiyo.

Nilifagia nyumba isiyo na mbuzi. Kisha nikasimama kwenye roshani, nikaitazama meza yangu, na kwa mara ya kwanza nikawaza mahali pengine ambapo ingeweza kukaa. Sikupaona.

Mwenye nyumba alikuja amevaa kofia ya kanisani, ingawa haikuwa Jumapili. Ni shemasi, mama mrefu wa Kabati, mwenye mwendo wa mtu ambaye milango humngoja. Nilimsalimu kwa kumwita mwaitu, kama tunavyomwita kila mama aliye rika la mama zetu. Aliitikia bila kuketi.

"Mbui i va?" aliuliza. Mbuzi yuko wapi.

Nikamwambia hayupo. Akaanza kutafuta. Alifunua pazia la bafu, akainama chini ya kitanda, akafungua kabati la nguo na kuvisogeza viatu kwa ncha ya mwavuli. Keateka alimfuata nyuma akiangalia palepale alipoangalia mama, kwa sekunde chache zaidi. Jikoni mama alinusa, akauliza harufu ile ni ya nini. Nilisema ni nyaya zilizochomwa. Akanitazama kama ninayemfundisha harufu ya mbuzi, yeye aliyekua zizini.

Ndipo nikamwonyesha kopo kwenye bomba, nikamfuatilizia waya kwa kidole mpaka kwenye kisanduku.

"Mbuzi ndiye huyu, mwaitu."

Keateka alicheka. Mama hakucheka. Alisema basi kilie. Nilimweleza kwamba hakiwezi kulia mpaka bomba likohoe, na bomba haliwezi kukohoa mpaka hewa ipite, na leo si zamu yetu. Nikiwa nasema, nilisikia jinsi maneno yangu yalivyofanana na ya mtu mwenye mbuzi. Nikafungua mfereji mkavu, nikainama ili nipulize ndani yake.

"Ondoka hapo," mama aliniambia. "Usije ukabonyeza kitu kwa siri. Nitapuliza mimi."

Akaivua kofia, akampa keateka aishike kwa mikono miwili. Akaiweka midomo yake kwenye mfereji wangu, yule shemasi, akapuliza. Bomba likaguna. Hakuna kilichotokea. Nilimwomba apumzike kidogo, kisha apulize tena, maana kisanduku kinangoja pumziko. Alinitupia jicho, akavuta pumzi, akapuliza.

Mbuzi wa Mbooni akalia jikoni mwangu kwa nguvu zake zote.

Keateka alichungulia chini ya sinki, kofia ikiwa kifuani. Mama alibaki ameinama, mkono juu ya mfereji. Kisha akapuliza mara ya tatu, ambayo haikuhitajika, na mbuzi alipomjibu, mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka kwanza bila sauti, kisha kwa sauti, mpaka akajipangusa macho kwa kiganja.

Lakini kicheko hakikuwa ruhusa, na nilijua. Alivaa kofia yake, akarudi kuwa mwenye nyumba. Aliuliza kama nimetoboa ukuta wake. Nilimwonyesha waya unavyopita juu ya dirisha, umefungwa kwa uzi bila hata msumari. Akaupapasa wote kwa kidole, hatua kwa hatua, kama mtu anayekagua mshono wa nguo ya harusi. Aliuliza wa chini kama wanamsikia. Nikasema wote wanaamka.

Hapo akaketi, kwa mara ya kwanza, kwenye kiti changu, mbele ya meza yangu yenye riwaya na vifaa vilivyofunguliwa matumbo. Alisema jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka shingo yangu hurefuka.

"Simu za wapangaji kuhusu maji zimekwisha. Nilidhani mmeanza kuniogopa." Akakigusa kisanduku kifuniko. "Kumbe ni wewe, mwiitu."

Mwiitu ni binti. Angeweza kuniita mpangaji. Akasema bango la getini halitafutwa wala kuongezwa neno, na kwamba mimi na meza yangu tutakaa. Nilisema asante, mwaitu, na sauti yangu ikatetemeka mwishoni, sijui nimeiga wapi.

Nilimfungulia mlango. Ngazini palikuwa na watu wengi kuliko ilivyo kawaida saa hiyo, kila mmoja na sababu yake. Baba wa nyumba ya chini alikuwa amevaa shati safi. Mama mshonaji alikuwa na beseni, alilolishika kama mtu aliyetoka nalo kwa bahati mbaya. Walikuwa wamemsikia mbuzi akilia mara mbili mfululizo mchana mweupe, na mara ya pili kicheko kikafuata, na walikuwa wameelewa walichotaka kuelewa.

Mwenye nyumba alisimama kizingitini akawatazama mmoja mmoja, na beseni zaidi ya wote. Nilingoja awaeleze habari za kopo na waya. Alirekebisha kofia yake.

"Mbuzi yuko," aliwaambia. "Na hachinjwi."

Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake, ukafungika.