Shaba Aliyonichambulia Mama, Bangili Akavaa Mwengine

Admin, jina langu liache pembeni, juu Kalemie ni ndogo na wengine wa hii habari wangali hai. Mimi ni mwanamuke wa miaka sitini na moja, mujane, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Nina uchungu niliouficha tangu wakati wa Zaire, na Jumamosi hii unataka kunipasukia mbele ya watu.

Kwa ukoo wa mama yangu, mutoto wa kike akizaliwa, mama yake anaanza kumuchambulia shaba. Wakati ule sarafu za sokoni, makuta, zilikuwa zinachanganyika. Kulikuwa zile za Zaire, nyeupe, nyepesi, na katikati mutu anakupenyezea zile za zamani za Wabeleji, nzito, za shaba, ambazo dukani hazikununua tena kitu. Wauzaji wengine walizirudisha kwa matusi. Mama alizipokea mezani kwake akicheka. Tukishafunga meza anamwaga yote juu ya lungo, na mimi nachambua: nyeupe huku, za kununua chumvi na mafuta, shaba huku, za tundu katikati na zenye picha ya tembo, zote ndani ya kopo langu. Siku binti anaolewa, muhunzi anaziyeyusha na kufua bangili. Lakini sarafu moja anaiacha nzima, inaning'inia pale, kila mutu aone kwamba huyu mama yake alimuhangaikia.

Ile yangu ya kuning'inia nilikuwa nimeshaichagua. Ilikuwa ya pembe sita, yenye picha ya tembo, na pembe moja ya ukingo imemegeka. Za namna ile zilionekana kwa shida. Mama alinitania, "We mutoto, wewe utaolewa na tembo!"

Alikufa sijaolewa bado. Papa alikuwa na muke wa pili, na binti yao, nimwite Faila, alikuwa mudogo wangu kwa mwaka mumoja tu. Wakahamia kwetu. Mimi nikatumwa Ankoro kumuuguza bibi, mama ya mama yangu. Niliporudi, Faila ameshaolewa, yuko Kabimba kwa bwana yake. Nikainama chini ya kitanda, nikavuta kopo langu. Ndani Mama mudogo, yule muke wa pili, ameweka pilipili.

"Papa, shaba yangu iko wapi?"

Alikuwa anakula, hakuinua hata kichwa. "Shaba ni ya nyumba, haina jina la mutoto. Faila alikuwa anaolewa, na mama yake hakumuchambulia kitu. Wewe utaanza ingine."

Kuanza ingine! Mama yangu yuko chini ya udongo, na zile za shaba zilikuwa zimeshapotea sokoni. Nilimuangalia Papa akimeza ugali wake, na tangu siku ile sikumupikia tena kwa moyo.

Siku ya ndoa yangu, mama mukwe, aliyeijua desturi yetu, alinishika mikono mitupu akaigeuza huku na huku mbele ya wamama wote. "Kumbe huyu mama yake hakumutaka?" Wakacheka. Nilifungua kinywa, Papa akanikazia macho, nikafunga. Na Faila alikuwa amekaa pale, kwenye ndoa yangu, na bangili yangu mukononi, tembo wangu wa pembe sita ananing'inia. Hakuivua. Hakuificha. Alikula, akacheza, akaenda zake.

Hata bwana yangu, Mungu amusamehe, kila tukigombana alinitupia neno moja, "Wewe, hata mama yako hakukutaka." Nilizaa naye, nikazeeka naye, na hilo neno alinitupia mpaka mwaka aliokufa.

Faila amekufa mwaka jana. Nililia, sidanganyi, lakini jicho langu lilikuwa linatafuta mukono wake. Haukuwa na kitu. Juma lililopita binti yake akaja kwangu na kitambaa kimefungwa. Ni mutoto muzuri, nikigonjwa yeye njo ananichotea maji. Akafungua. Nilimujua tembo wangu kwa ile pembe iliyomegeka.

"Mama mukubwa," akaniambia, "mama alisema mutu wa kunivalisha ni wewe peke yako, juu wewe unaijua hii shaba. Unisaidie kuisugua na ndimu, ing'ae kwa siku ya ndoa."

Kwa hiyo alijua! Miaka yote alijua! Alikuwa ananiomba musamaha, ao alitaka nivalishe damu yake kwa mukono wangu mwenyewe, nikiwa kimya kama Papa alivyotaka? Wa kumuuliza yuko kaburini.

Mutoto alipotoka, nilifunga mulango nikajaribu kuivaa. Ilifika kwenye vifundo vya vidole, ikagoma. Nikapaka mafuta, ikagoma. Hii mikono imenenepa na chumvi ya samaki, haitaivaa tena hapa duniani.

Wamama na wadada mulio humu, Jumamosi mutoto atanyoosha mukono mbele ya watu, na wote watasifu: tazama jinsi bibi yake, mama ya Faila, alivyohangaika. Nikisema kweli, ninamuaibisha mama yake siku ya ndoa yake, na yeye hana kosa. Nikinyamaza, mama yangu anabaki kuwa yule ambaye hakunitaka. Semeni ninyi: nimuvalishe kimya, ao nitaje jina la mama yangu?