Hatua Thelathini za Lorna

Lorna Vesterby alikata nyama ya wawindaji kwa miaka kumi na minane kabla hajashika upinde. Meza yake na yangu zilitazamana, katika banda lililo nyuma ya kituo cha mafuta, kwenye bonde la Lemhi. Kila Septemba elki waliletwa wakiwa vipande vinne vinne ndani ya mifuko ya kitambaa, nasi tukawageuza kuwa steki, soseji na nyama ya kusaga. Elki ni kulungu mzito kama farasi, na mmoja hulisha nyumba mwaka mzima. Huku kwetu watu hawaulizani kama unawinda. Huulizana umeona nini mlimani.

Mwaka ule mumewe, Royce, alibadilishiwa nyonga, akakatazwa kupanda milima. Lorna akasema ataomba kibali cha kuwinda yeye. Nilipomuuliza kwa nini, baada ya miaka yote hiyo, alijibu huku akinoa kisu: "Nimechoka kuwajua wakiwa wameshakufa."

Lakini aliogopa kumjeruhi mnyama bila kumuua, na hofu hiyo nilijua ilikotoka. Miaka miwili nyuma alikuwa akikata bega la dume, kisu kikagota kwenye chuma. Kilikuwa chembe cha mshale wa msimu uliopita, kimezungukwa na usaha. Mnyama yule alitembea nacho mwaka mzima. Lorna alitoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Tangu Julai, kila Jumapili, alipanda mlima na shemeji yake Garth, mdogo wa Royce, mtu wa maneno mengi. Walitafuta miti iliyochunwa magome kwa pembe, kinyesi kibichi, njia zilizokanyagwa. Mwishowe wakapata dimbwi la matope katikati ya misonobari, ambamo elki hugaagaa, bado linanuka mkojo. Garth alifurahi. Lorna akatoa kichupa cha unga, akakibinya, akaangalia upepo unaupeleka wapi. Akarudia kila baada ya dakika chache.

"Shemeji," Garth akamwambia, "kwa unga huo tungeshaoka mkate."

Jumapili iliyofuata walijificha mteremkoni chini ya dimbwi, wakatokea majike sita na ndama wao. Saa tatu asubuhi jua likapasha bonde, upepo ukageuka, ukawapiga kisogoni na kupeleka harufu yao dimbwini. Jike la mbele likainua kichwa, likabweka mara moja, na wote wakatoweka. Wiki nzima Lorna hakulala vizuri. Aliniambia akifumba macho anaona mshale ukimtoka mkononi, na hajui utaishia wapi.

Kila jioni alilenga marobota ya nyasi nyuma ya nyumba. Kwa hatua thelathini alipiga alipotaka. Kwa hatua arobaini, mshale mmoja kati ya mitano ulijiendea ovyo. Garth akasema wenzake wote hupiga hata hatua hamsini. "Mnyama mwenyewe mkubwa kama mlango wa gereji, shemeji."

"Mlango wa gereji hauna utumbo," Lorna alisema. Akaapa kutopiga zaidi ya thelathini.

Siku tano kabla ya msimu alifunga vyembe vya kuwindia badala ya vile vya mazoezi, na mishale yote ikaanza kwenda kushoto. Akapiga mpaka bega likavimba. Royce alimtazama kutoka barazani siku mbili bila kusema kitu, maana alipomfundisha kuendesha trekta walinuniana wiki nzima. Siku ya tatu akashindwa kuvumilia. "Unaukaba. Legeza mkono wa kushoto, huo upinde hauendi popote."

Akalegeza. Mshale ukaingia katikati, na mingine kumi baada yake. Badala ya kutulia, akaanza kuogopa kwamba sasa hana kisingizio.

Siku ya kwanza ya msimu jike lilikuja dimbwini. Garth alipima: hatua thelathini na nane. Akamgusa mgongo kumwambia apige. Lorna alivuta upinde, akaushikilia, kisha akaulegeza taratibu. Jike likanywa, likaondoka. Garth akatangulia kushuka mlima.

Siku ya tisa alikwenda peke yake. Jike lisilo na ndama lilisimama hatua ishirini na mbili, ubavu wazi. Hakumbuki kuachia. Alisikia kishindo kikavu, matawi yakivunjika, kisha kimya. Alijua kwamba mnyama akifuatwa mapema hukimbia mbali, kwa hiyo alikaa nusu saa akitazama saa ya mkononi. Damu aliyoifuata ilikuwa na povu, damu ya mapafu, ila hakuthubutu kuiamini. Hatua themanini mbele, jike lilikuwa limelala kando ya gogo, limeshakufa.

Garth alikuja kumsaidia kubeba, wakashusha nyama mpaka alasiri. Walipopumzika akasema, "Siku ile ya kwanza mimi ningepiga. Na sijui mshale ungeingia wapi."

Jumatatu Lorna aliniomba nimkatie mimi. Alisimama mlangoni na kikombe cha kahawa, akiuliza kama nyama iko safi, haina chuma wala usaha. Nikamwambia iko safi. Akaniuliza tena.