Chai Wamemaliza, Mimi Wamenikataa

Leo nimeambiwa mimi ni mgeni, nikiwa nimeshika birika sebuleni kwangu.

Wengi wenu mnasaga unga kwa posho mill yangu hapa Mosocho, na mnajua nataka kugombea kiti cha MCA, mwakilishi wa wadi yetu. Sasa huku kwetu bila baraka za ukoo hata bango usichapishe. Kwa hivyo nikawaalika wazee wa ukoo wa marehemu mume wangu.

Nikachinja kuku. Wakala. (Jamani, walikula!)

Kisha mwenyekiti wao akajipangusa mdomo. "Mama Kemunto, wewe ni mtu mzuri. Lakini umetoka Nyansiongo. Nenda ukaombe kura kwenu."

Kwetu wapi? Mume wangu amelala hapo nyuma ya nyumba. Watoto wote nimewazalia hapa.

Nikaingia jikoni, nikampigia kaka yangu Nyansiongo, nikamuuliza kama naweza kuomba kura huko. Akacheka. "Dada, si uliolewa? Omba huko kwenu."

Nikarudi kuokota vikombe.

Wakaaga. Mwenyekiti akafika mlangoni, akageuka. Nikadhani roho imemsuta.

"Mama Kemunto, kesho utafungua mapema? Niko na wimbi ya kusaga."

Nikamwambia nitafungua.

Nyinyi mnaosoma hapa, hebu niambieni mimi ni wa wapi. Maana najua nikifa leo, wazee hao hao ndio watapiga kelele nizikwe hapa, kando ya mume wangu.

Siku hiyo nitakuwa wa ukoo.